Mpima Damu Asiyesema

Ukitaka kumjua mtu yule, mwamkie akiwa ameinamia darubini. Utangoja. Utasimama mlangoni, mtoto mgongoni, jasho linakutiririka, shikamoo yako imening'inia hewani kama nguo iliyosahauliwa kambani, na yeye anageuza-geuza darubini yake dirishani akitafuta jua la kuimulikia. Akishamaliza anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya shati, anaivaa tena, ndipo anaitika, "Marahaba. Nani huyo?"

Nani huyo! Mimi niliyekuwa nikisimama mlangoni pale karibu kila wiki, na mtoto yule yule, na kanga ile ile!

Alikuwa mpima damu katika hospitali ya shamba la mkonge, upande wa Kimamba, na watu wote walimwita Mpima. Nami nitamwita hivyo. Kwao wapi, baba yake nani, kazi alijifunzia wapi, sijui, na hata ningejua nisingepoteza wino. Ninachokijua ni jinsi alivyoniudhi, na hicho ninacho cha kutosha.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa baraza, karibu na jiko la hospitali, na kilikuwa kisafi kuliko kanisa. Vigae vyake vya kioo, vile vya kupakia damu, alivisugua kwa majivu, akavisuuza kwa spiriti, akavipanga juu ya kitambaa cheupe ambacho hata mke wa Bwana Shamba asingeruhusiwa kukigusa. Yeye mwenyewe sasa! Shati lina madoa ya chai, kola imekatika, kucha moja nyeusi haikatwi. Alikuwa akiwagombeza wakata mkonge kwa kulala bila chandarua, akawaeleza habari za mbu hadi wakasinzia. Chandarua chake mwenyewe alikifanya pazia la kuzuia vumbi lisiingie kwenye darubini. Akiugua homa, na aliugua kila masika, alijipima mwenyewe, akatikisa kichwa, akasema, "Watu hawasikii."

Alikuwa na msemo wake mmoja ambao ukiusikia mara ya kwanza utacheka, na mara ya kumi utatafuta kitu cha kurusha. Ukimwuliza umeona nini kwenye damu, alisema, "Mimi ni jicho tu. Mdomo uko Morogoro." Maana yake, daktari Mzungu aliyekuwa akija kutoka Morogoro mara moja kwa mwezi ndiye mwenye ruhusa ya kumwambia mgonjwa ugonjwa wake. Basi wewe kaa na mtoto wako anayelia, ungoje mdomo upande treni.

Lakini msidhani alikuwa mwoga. Siku moja Bwana Shamba, yule Mzungu msimamizi wa shamba zima, aliingia hospitalini na fimbo yake, akataka watu waliolala kwa homa wainuke wakakate mkonge, eti wanatega kazi. Mpima alitoka chumbani amebeba darubini mikononi kama mtoto mchanga, akaiweka kwenye dirisha la wodi, akasema, "Bwana, njoo uone mwenyewe. Ukimkuta asiye na malaria, mwondoe." Bwana Shamba aliangalia, sijui aliona nini, akaenda zake. Wodi nzima ilipiga vigelegele. Mtu huyo huyo, aliyemsimamisha Mzungu na fimbo yake, nitawaambia alivyofanywa na bibi mmoja mwenye magoti mabovu.

Kwanza niwaeleze desturi ya pale, maana ndiyo iliyoniponza.

Watu wa shamba walitoka kila pembe: Wabena, Wanyamwezi, Wangoni, na wenyeji kama sisi. Wote walikuwa na hofu moja, kwamba damu inayochukuliwa hospitalini inakwenda mahali. Mumiani. Wengine walikataa kabisa kuchomwa kidole. Mpima, badala ya kuwaelimisha, kwa sababu kuelimisha kungehitaji kufungua mdomo juu ya damu, alibuni dawa yake. Mtu akimaliza mkataba, siku zote zimejazwa kwenye kipande chake cha kazi, kabla hajarudi kwao, alipitia dirishani kwa Mpima akasema, "Nimemaliza kipande changu, naomba damu yangu." Naye Mpima, bila hata kutabasamu, alichukua kigae kimojawapo, akakisuuza kwa maji, akamwaga yale maji mchangani mbele ya mtu huyo. "Haya, imerudi." Mtu akaenda zake amestarehe. Kilikuwa kigae cha nani? Hakuna ajuaye! Lakini desturi ilishika, hata wajane walikuja kudai damu ya marehemu. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Baba mkwe alipofariki, Mpima alimmwagia mama maji yale kwa heshima zote, ameinamisha kichwa, na tangu siku hiyo mama mkwe akawa anaapa kwa jina lake.

Mimi ni mtoto wa Mabwerebwere, pale Kilosa mjini. Baba yangu alifanya kazi ya reli, akanisomesha hadi darasa la kumi watu wakimcheka. Niliolewa na fundi wa mashine ya kukamua mkonge, mtu mpole, tatizo lake moja, mama yake. Mtoto wetu wa kwanza alikufa bado ananyonya, wakasema homa. Wa pili ni Salome. Hajaanza kutembea, mikono ikavimba, vidole kama ndizi mzuzu, miguu nayo hivyo hivyo. Macho ya njano. Ukimgusa analia, usipomgusa analia.

Huko Ulaya, si ile ya Wazungu, ni kijiji cha mama mkwe njia ya Mikumi, hukumu ilikuwa imeshatoka. Tumbo langu. Kwao hawana ugonjwa huo, basi umetoka kwetu. Shangazi mmoja aliongeza kwamba kusoma sana kunachemsha tumbo la mwanamke. Nilimwuliza tumbo lake lisilosoma limechemka kwa nini, akaacha kuja kwangu.

Nikampeleka Salome kwa Mpima. Alimchoma kisigino, akaweka tone kwenye kigae, akalifunika kwa kioo kingine chembamba, kisha akawasha mshumaa na kuziba kingo zote kwa nta, pasiingie hewa. Nilikuwa sijaona damu ikifungwa hivyo. Nikamwuliza.

"Ninainyima hewa," akasema.

"Ili iweje?"

"Ili nione itafanya nini."

"Itafanya nini?"

Mnajua alichosema. Mdomo uko Morogoro.

Na hapo hapo, mtu huyu asiyesema, jioni alikuja kwangu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, akaniagiza niiweke kwenye miguu ya mtoto. "Mpe maji mengi. Asipigwe na baridi. Usimwogeshe maji ya mtoni." Kwa nini? Ameshaondoka. Kila Salome alipozidiwa, chupa ile ilikuja. Mtu kama huyo unamfanyaje? Unataka kumshukuru na kumpiga kwa wakati mmoja.

Daktari alipokuja, alichoma na kidole changu, na kwa kuwa Kiingereza ninakijua alinieleza mwenyewe. Alisema habari hizi ni mpya, wataalamu wa Ulaya ya Wazungu na Amerika wamezifumbua juzi tu. Damu, alisema, imejaa chembe ndogo ndogo, za mviringo, zimebonyea katikati kama andazi lililokaliwa. Ndani ya kila chembe mna kitu chekundu kinachobeba hewa. Cha Salome kina kasoro, ndogo kiasi kwamba hata darubini haiioni. Hewa ikipungua, kile chekundu kinajipanga kikawa nyuzi ndefu ngumu. Nikafikiria mkonge unavyotoka mashinani ukaanikwa kwenye nyaya. Zile nyuzi zinaisukuma chembe hadi inapinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Chembe zilizopinda zinakwama kwenye mishipa myembamba, nyingine zinarundikana nyuma yake, na zinapokwama ndipo mtoto anapolia.

Damu yangu nayo ilikuwa inapinda, lakini kidogo, na kwa kuchelewa, baada ya kunyimwa hewa usiku kucha. Nina nusu tu ya kasoro, na nusu haimwumizi mtu. Tena wanasema mwenye nusu hauawi kirahisi na malaria, ndiyo maana imeenea nchi zetu hizi zenye mbu. Nilimwuliza, yaani tumepewa kinga ya homa, na malipo yake ni watoto? Akasema ndiyo, ukipenda kusema hivyo. Sikupenda.

Kisha akasema neno nililolitaka. Mtoto hawezi kuumwa hivi kwa nusu ya mama peke yake. Lazima apate nusu nyingine kwa baba.

Nilikwenda Ulaya kama niliyebeba zawadi. Mama mkwe alinisikiliza hadi mwisho akichambua mboga.

"Mzungu kasema kwa Kiingereza," akasema, "na wewe ndiye umetuletea kwa Kiswahili. Tutajuaje umeongeza wapi?"

"Mama, niongeze ili nipate nini?"

"Upate kukaa kwa mwanangu. Mpima akisema kwa kinywa chake mwenyewe, nitanyamaza. Mpima hadanganyi."

Mpima hadanganyi! Kweli, mtu asiyesema atadanganya saa ngapi?

Nikarudi kwake. Shikamoo ikangoja, ikaitikiwa. Nikamwambia, mzee wangu, sema tu mbele ya mama mkwe, maneno mawili, kwamba ugonjwa huu unatoka pande zote mbili.

"Mimi ni jicho tu."

"Mdomo wa Morogoro umeshasema!"

"Basi umesema."

"Hawauamini! Wanakuamini wewe!"

"Mimi sina maneno na wakwe za watu," akasema, akarudi kwenye darubini.

Lakini daktari alikuwa ameshatoa amri damu ya mume wangu ipimwe. Baba Salome alichomwa kidole akiwa ametoka kazini, kigae kikazibwa nta, kikawekwa kabatini kingoje asubuhi. Sikujua kwamba alishamtumia mama yake habari. Wala sikujua mama mkwe angeielewa vipi. Ile nta ndiyo iliyomtia kichaa. Damu ya mwanawe imefungwa! Imezibiwa pumzi! Ndiyo maana mjukuu anabanwa na mifupa, kwa sababu na ya mjukuu ilifungwa hivyo hivyo. Alipanda lori la kwanza.

Nilipofika hospitalini asubuhi nilimkuta amesimama dirishani pale pale wanapodai damu, kanga kiunoni, mkono mmoja kwenye goti.

"Bwana Mpima, nimefuata damu ya mwanangu."

"Mama, hii ni ya kazi."

"Ya baba yake ulinipa."

"Ile ilikuwa imekwisha kazi."

"Ulinipa, ukainama. Leo unaninyima kwa sababu ya huyu?" Huyu ndiye mimi. "Nimfungue mwanangu kwa nani kama si kwako?" Na akaanza kulia, kilio cha kweli, si cha maonyesho.

Na mtu yule aliyemfukuza Bwana Shamba alikwenda kabatini, akatoa kigae, akabandua nta kwa ukucha ule mweusi, akakisuuza, akamwaga maji mchangani.

"Haya, mama. Imerudi."

Nilipiga kelele hadi wagonjwa wakatoka barazani. Nilimwuliza ana wazimu, nilimwuliza anaijua kazi yake au hajui. "Usipige kelele, mama Salome," akasema, "hapa ni hospitali."

"Ungemwambia hapana!"

"Mwanamke mzima, na magoti yale, nimwambie hapana?"

Baba Salome naye, nilipomwomba achomwe tena, akasema damu ametoa mara moja, mama yake amelia, hatoi tena. Muda si mrefu daktari akaenda likizo kwao. Mpima akahamishiwa Mikumi, zahanati ya kambi ya watu wa barabara. Alipopakia vitu vyake lorini hakuniaga, alimwachia dresa wa wodi, yule mfunga vidonda, ile chupa ya maji ya moto anipe.

Ukoo ukakaa. Wakaamua kwamba baada ya mavuno mimi nirudi kwetu Mabwerebwere nikapumzike, neno la adabu hilo, na Salome abaki Ulaya kwa bibi yake. Kule, kila tulipokwenda kusalimia, alikuwa akiogeshwa mtoni alfajiri, eti kuamsha mifupa. Sikuwa na wasiwasi juu ya ndoa kama juu ya maji yale. Ndoa ingevunjika ningeishi. Salome asingevuka masika ya kwanza akiwa na mtu anayemtosa kwenye baridi kwa upendo. Ndiyo, kwa upendo. Mama mkwe anampenda, hilo ndilo linalochosha.

Nilishasema nikachoka. Kilichombadilisha mume wangu hakikuwa maneno yangu. Salome alibanwa siku ambayo mashine ilikuwa imeharibika, baba yake akawa nyumbani mchana kutwa. Kawaida anarudi jioni, mtoto ameshalia hadi amekauka. Siku hiyo alimshika mwenyewe. Mtoto aliomba, kwa maneno machache aliyonayo, "Baba, toa. Toa mguu." Aukate auondoe. Jioni Baba Salome akasema, "Twende Mikumi." Mama yake hakuambiwa.

Tulimkuta Mpima katika chumba cha mabati, moto kama tanuri, darubini iko dirishani, chandarua juu yake. Alikuwa amekonda. Hakuuliza tumefuata nini. Alimtazama Salome, akaagiza maji yapashwe moto, kisha akachukua kidole cha mume wangu, akakichoma, akafunika, akaziba kwa nta. Tukalala kambini kwa mke wa mpishi.

Asubuhi jua lilipoingia vizuri dirishani aliinama, akaangalia kwa muda mrefu. Kisha akamwita mume wangu, hakuniita mimi.

"Baba Salome. Damu yako inapinda. Kidogo, kama ya mkeo. Mtoto amechukua kwako, akachukua na kwa mama yake. Asingechukua kwako, leo angekuwa anakimbia hapo nje."

 Maneno yale yale niliyomwomba mwaka mzima, ameyatoa kwa pumzi moja kama mtu anayeagiza sukari!

"Una hakika, mzee?" mume wangu akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ndivyo ilivyokuwa hata ile ya kwanza. Niliangalia kabla mama yako hajafika."

"Ulijua?" nikasema. "Ulijua, ukaimwaga, ukaniacha?"

Alivua miwani lakini hakuifuta. Aliiacha mkononi.

"Na yangu ndivyo ilivyo," akasema. "Nilioa mwanamke wa Lumuma. Tulizaa, watoto hawakukaa. Ndugu zangu wakasema tumbo lake bovu. Nikasema ndiyo. Nikampandisha treni akarudi kwao. Baadaye daktari akaja na habari zake mpya, nikajichoma kidole, nikakifunga kigae. Kulipokucha nikaona."

"Lini hiyo?"

"Wewe hujaanza kuja."

Kwa hiyo siku ya kwanza niliposimama mlangoni alikuwa anajua yote. Nikamwuliza basi kwa nini, kwa nini asiseme, neno moja tu.

"Mama mkwe wako alimjua mke wangu. Ningesema pande zote mbili, angeniuliza, na yule wa Lumuma?"

Mume wangu alikuwa anatazama chini. Najua ningetakiwa nimwonee huruma mzee yule. Wengine wangemwonea. Mimi nilikuwa nimembeba mtoto mwenye macho ya njano aliyeogeshwa mtoni alfajiri kwa ajili ya kimya chake, sikuwa na nafasi.

"Na yeye ameambiwa?" nikauliza.

"Nani?"

"Mkeo. Ameambiwa kwamba halikuwa tumbo lake?"

"Ameshazeeka sasa. Nimwambie nini?"

"Hivyo hivyo ulivyomwambia mume wangu. Si maneno mengi. Umeona yanavyotoka."

 Nilimwambia anitajie kijiji, kama hawezi kwenda yeye nitakwenda mimi, treni ninaijua, nimezaliwa nayo. Akageuka akaanza kusugua vigae ambavyo vilikuwa safi tayari. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliposema, bila kugeuka, kwamba hapana, atakwenda mwenyewe, mwezi ujao akipata ruhusa. Kama alikwenda au hakwenda, sijui. Nimetuma watu wawili kumwuliza na wote wamerudi bila jibu, na hilo halishangazi.

Lori la kurudi Kilosa linapita Ulaya. Tulikaa juu ya magunia, Salome amelala kifuani kwa baba yake, chupa ya maji ya moto miguuni. Tulipokaribia, mume wangu akauliza, "Utamwelezaje mama?"

"Mimi?" nikasema. "Mimi nilishaeleza. Damu ni yako, na mama ni wako."

Lori likasimama. Mama mkwe alikuwa uani anapepeta mpunga. Akauacha ungo, akaja na magoti yake.

"Shikamoo, mama," tukasema sote.

"Marahaba. Mmetoka wapi na mtoto mgonjwa? Mmempeleka wapi bila kuniambia?"

Baba Salome alinitazama. Mimi nikatazama mbuzi. Alikohoa, akanipa mtoto, akamsogezea mama yake kigoda.

"Mama," akasema, "hebu kaa chini kwanza. Ni mimi pia."